Binamu, Bonde la Kerio Usilivuke tu, Lifuate

Binamu,

Salamu nyingi kutoka Eldoret. Picha za baiskeli mpya nimeziona, hongera. Na ujumbe wako nimeusoma: unataka kupanda huku Desemba, uteremke kutoka Iten hadi mto Kerio, ukwee Kabarnet, upige picha, kisha urudi Mombasa ukawatambie wenzako wa Jumapili kule Nyali. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza jambo hili.

Njoo, karibu sana. Ila mpango wako una walakini mmoja. Unataka kulikata bonde kwa mapana, utoke ukingo huu hadi ule, na hivyo ndivyo afanyavyo kila mgeni tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka kwetu pwani, Pangani na Mombasa, ilikuwa ikipumzika Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo, ikajaza chakula. Iliyoendelea magharibi ilipita milima ya Tugen, ikashuka Kerio, ikakwea ukingo wa Elgeyo kwenda Kavirondo, huko Ziwa Victoria. Joseph Thomson, aliyesafiri na Jumbe Kimameta wa Pangani mwaka 1883, naye alipita huku mwishoni mwa mwaka huo. Kwa wote hao bonde lilikuwa kikwazo: jua kali, mteremko, mto, halafu ukuta wa kupanda. Waliliona kwa siku moja au mbili wakashukuru Mungu limewaishia.

Barabara ya Iten hadi Kabarnet ni nzuri, siikatai. Ni ya lami, na alfajiri magari ni machache kiasi kwamba utasikia cheni yako mwenyewe. Iten ipo kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka mjini tu ardhi inakatika mbele yako. Unapita Kessup, iliyokaa kwenye ubao, yaani tambarare nyembamba, katikati ya ukingo, halafu Tambach. Simama Tambach. Kwanza breki zipoe, maana mteremko mrefu uliouzoea wewe ni ule wa kuingia feri Likoni. Usiikamate breki mfululizo. Bana, achia, ya mbele, ya nyuma. Pili, mji huo mdogo ndio uliokuwa makao ya utawala wa kikoloni wa wilaya hii kabla ofisi hazijahamia Iten. Kunywa chai, tazama chini, endelea.

Mbele, baada ya Biretwo, utafika Cheploch, pale mto Kerio unapojibana katikati ya miamba. Vijana wa hapo hujirusha majini kutoka juu ya jabali, na mgeni huwapa chochote. Mto huo ndio mpaka wa kaunti mbili, Elgeyo-Marakwet upande huu na Baringo upande ule, na maji yake huishia Ziwa Turkana. Ukiuvuka unaanza kupanda kwenda Kabarnet, na kupanda huko ni kazi ya kichwa kuinama na jasho kudondokea usukani. Hiyo ndiyo safari uliyoipanga. Ifanye siku ya kwanza ukipenda.

Siku ya pili ndiyo ninayokuandikia barua. Shuka tena hadi Biretwo, lakini badala ya kuelekea mtoni, pinda kusini, ufuate sakafu ya bonde. Mkono wako wa kulia kutakuwa na ule ukuta wa Elgeyo muda wote, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu, na kushoto milima ya Tugen. Katikati ni migunga, mbuzi, mashamba ya mtama na njugu, miembe, na mizinga ya nyuki ya magogo iliyotundikwa kwenye matawi. Asali ya Kerio ina jina, na utaiona ikiuzwa barabarani kwa chupa. Nunua siku ya kurudi, usije ukabeba uzito bure. Usitegemee lami njia nzima. Ndiyo maana kuna utulivu: mwenye haraka hapiti huku. Anayepita ni boda boda na gunia lake, mama na kuni zake, watoto wa shule watakaokufuata mbio hadi utakapochoka wewe.

Ukienda taratibu hivyo utaanza kuelewa jinsi watu walivyolipanga bonde hili. Wakeiyo, wenyeji wa ukingo huu, hawakuligawa kama wagawanyavyo maafisa kwenye ramani, juu mbali na chini mbali. Ardhi ya ukoo ilikuwa kama mkanda unaoanza nyanda za juu, Mosop, ukashuka mwambani hadi Soi, huku chini kwenye joto. Mtu aliweza kuwa na malisho juu, nyumba kwenye ubao wa katikati na shamba la nafaka bondeni. Nyumba zilijengwa pale katikati kwa sababu mbili zinazoeleweka hata leo: mbu wa malaria wako chini, na mvamizi wa mifugo huonekana mapema ukiwa juu. Ukipita kwa gari huoni chochote cha haya. Ukiwa kwenye baiskeli utaona vijia vikishuka kutoka mwambani kama ngazi, na watu bado wanavitumia.

Kusini kabisa utafika Kimwarer, na hapo hadithi inabadilika. Kulikuwa na mgodi wa fluorspa, madini yanayotumika kuyeyushia chuma na kutengenezea kemikali, ulioanzishwa miaka ya 1970. Mzigo wake ulikuwa ukija huko kwenu, bandarini Mombasa, kwenda ng'ambo. Baadaye mgodi ulifungwa, na familia zilizohamishwa kuupisha zimedai fidia kwa miaka mingi. Kimwarer hiyohiyo, pamoja na Arror kule kaskazini, ndiyo iliyoahidiwa mabwawa yaliyoishia mahakamani badala ya kujaa maji. Ukitaka kumsikia mzee wa Soi akiongea bila kupumua, mtajie mabwawa. Mimi siku hizi sitaji.

Kutoka hapo kuna barabara ya kupanda hadi Nyaru, kama kilomita 21, na hakuna hata moja ya kupumzikia. Wanariadha wa huku huikimbia yote kwa miguu, kama zoezi la siku moja katika wiki zao. Nakuambia mapema ili usije ukajiona shujaa ukiwa umesukuma baiskeli kona mbili halafu binti mwembamba akupite akikusalimia. Ukifika Nyaru hewa ni baridi, kuna misitu, na unarudi Eldoret kupitia Kaptagat kwa barabara ya kutambaa tu. Kwa maoni yangu mzunguko huo, Iten, Tambach, Biretwo, Kimwarer, Nyaru, Kaptagat, unashinda Kabarnet mara mbili. Ugawe siku mbili, ulale bondeni.

Sasa kuhusu kaskazini, maana najua utauliza. Ukipinda kaskazini Biretwo unaelekea Hifadhi ya Taifa ya Rimoi, yenye ndovu, halafu Arror na Tot. Huko ndiko iliko mifereji ya Wamarakwet, na kama kuna kitu kimoja cha kukutoa Mombasa, ni hicho. Kwa karne kadhaa wameteka maji ya mito inayoshuka ukingoni wakayapitisha kwenye kuta za mwamba, kwa mawe, matawi, udongo na magogo yaliyochimbwa, hadi mashambani chini ambako mvua haitoshi. Kila mfereji una ukoo wake, na kila ukoo una zamu yake ya maji, mchana au usiku. Ukivunjika, wanaume huitwa kuutengeneza, na asiyetokea hutozwa faini. Hakukuwa na mhandisi, hakukuwa na ofisi ya maji, na mashamba yalilimwa.

Lakini huko usiende kwa kichwa chako. Wizi wa mifugo wa kutumia bunduki umeua watu wengi upande wa Tot na Chesongoch, na Februari 2023 serikali iliitaja Elgeyo-Marakwet miongoni mwa kaunti sita zenye hali ya hatari, ikapeleka wanajeshi. Kuna miezi ya amani, kuna wiki mbaya. Tutauliza wenyeji Biretwo asubuhi hiyohiyo; wakisita tu, tunapinda kusini bila kubishana. Wakati wa mvua za masika pia sahau, kwa sababu ukingo huporomoka.

Mengine ni madogo. Anza saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa tano uwe kivulini, maana chini joto ni la Mombasa bila upepo wa bahari. Beba maji zaidi ya unavyodhani. Pesa ndogondogo ziwe mfukoni, mtandao wa simu hupotea. Kaptura yako ya kubana usiionee haya. Iten wamezoea waendesha baiskeli, ndiko alikofanya mazoezi marehemu Suleiman Kangangi, aliyefariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Wakikupa mursik, maziwa ya mgando ya huku, kunywa. Ule weusi ni mkaa wa mti, si uchafu, na ukikataa nitakukana.

Tatizo ni hizo tairi zako nyembamba. Kwa lami ya Nyali sawa, kwa murram ya Soi utaziba pancha mpaka Krismasi. Pima nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, mbele na nyuma, unitumie vipimo kabla ya mwisho wa mwezi. Ikiingia ya milimita 35, nitamwambia fundi wangu hapa aagize jozi na tyubu nne. Isipoingia, utaazima baiskeli yangu ya zamani, yenye kiti kigumu.