YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YENU YA VARDØ

Kwa Meneja wa Ziara,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wateja mliowapeleka Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwei, Septemba iliyopita. Nilisafiri na mama yangu mzazi, aliyekuja Oslo kututembelea akitokea Shinyanga. Niliichagua kampuni yenu kwa sababu tangazo lenu linaahidi mwongoza watalii anayezungumza Kiswahili. Mama hajui Kinorwei wala Kiingereza, na nilitaka aelezwe mambo kwa lugha anayoielewa, na mtu anayeifanya kazi hiyo.

Nianze na la fedha, kwa kuwa ndilo jepesi. Kwenye ankara yenu mmetoza kiingilio cha Steilneset, ile kumbukumbu ya waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Steilneset haina kiingilio. Pako wazi mwaka mzima, mtu anaingia bure. Pia mlituuzia boti ya kwenda Hornøya, kisiwa cha ndege, mwendo wa kama dakika 10 kutoka bandarini, na kwenye tangazo mkaweka picha ya wale ndege wenye midomo ya rangi ya chungwa ambao Wanorwei huwaita lunde. Ndege hao hukaa kwenye miamba ya Hornøya wakati wa kutaga na kulea makinda, na Agosti ikiisha wanakuwa wameshaondoka kwenda bahari kuu. Septemba tulioneshwa majabali matupu. Wazee wa watu walivuka maji kwa baridi ile kwenda kutazama vinyesi vilivyokauka. Kampuni inayouza safari za Hornøya haiwezi kusema haikulijua hilo.

Lakini hata mngenirudishia fedha zote leo, barua hii bado ningeiandika.

Tulipokaribia Steilneset, kijana wenu alishika kipaza sauti ndani ya basi akasema sasa tunakwenda kwenye "nyumba ya wachawi", na kwamba kama humu ndani yumo mchawi ajiandae kusalimiana na wenzake. Watu wawili watatu wakacheka. Mmoja akageuka kumtazama mama. Mama ana umri mkubwa na macho yake ni mekundu, kwa miaka yote aliyopikia kuni na samadi. Akavuta mtandio mbele ya uso, akainama.

Sidhani kama mnaelewa maana ya maneno hayo kwa mwanamke mzee wa Usukumani. Kwetu vikongwe wameuawa kwa mapanga usiku, ndani ya nyumba zao, kwa sababu ng'ombe wa jirani wamekufa au mtoto ameugua, na ushahidi ni macho mekundu. Mama alimzika rafiki yake kwa namna hiyo. Mambo haya hayasimulii kama hadithi za kale. Anawajua kwa majina walioondoka.

Na Steilneset ilijengwa kwa ajili hiyo hiyo. Katika karne ya 17 watu 91 waliuawa huku Finnmark, mkoa uliko mji wa Vardø, kwa tuhuma za uchawi, wanawake 77 na wanaume 14, wengi wao kwa kuchomwa moto. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1617 dhoruba ilizamisha mashua na wavuvi 40 wakafa maji. Miaka michache baadaye wanawake wakateswa mpaka wakakiri kwamba wao ndio walioufunga ule upepo kwa uchawi na kuuachia, wakachomwa. Kijana wenu hakulitaja hata moja kati ya haya. Alisema "walikuwa wachawi kweli, walikiri wenyewe". Mtu aliyeteswa mpaka akakiri, leo mtalii anaambiwa alikiri mwenyewe!

Tulipewa robo saa tu, kwa sababu chakula cha mchana cha kaa kilikuwa kimekula muda. Jengo lile, kazi ya msanifu majengo Peter Zumthor, lina fremu ndefu ya mbao kama vichanja vya kukaushia samaki, na ndani yake ujia wa turubai, mwembamba, wenye giza. Kuna madirisha madogo 91, kila dirisha na taa yake, na kando yake maandishi yaliyotolewa kwenye kumbukumbu za mahakama: jina, alichotuhumiwa, hukumu. Maandishi ni ya Kinorwei, na hapo ndipo Kiswahili tulichokilipia kilihitajika. Kijana wenu alibaki nje akivuta sigara. Nikamsomea mama mwenyewe. Alisimama kwenye dirisha la kwanza akauliza, "Huyu walisema amefanya nini?" Nikamwambia. "Na huyu?" Tukaenda hivyo, taa moja baada ya nyingine, mpaka basi likaanza kupiga honi. Hatukufika hata nusu. Kibanda cha vioo cha msanii Louise Bourgeois, kilicho hapo hapo Steilneset, chenye kiti kinachowaka moto katikati ya vioo vya kujitazamia, tulikiona kupitia dirisha la basi.

Kwenye ngome ya Vardøhus ikawa vilevile. Aliwapanga watu mbele ya mlango wapige picha, akidai wachawi walifungiwa humo. Ngome ile ilijengwa kati ya 1734 na 1738, na kesi zile zilikuwa zimekwisha kabla ya mwaka 1700. Ni ngome nzuri, ina umbo la nyota, ina historia yake ya kutosha bila kuongezewa uongo. Dereva wenu simlaumu. Alituendesha salama kutoka Kirkenes, akamsaidia mama kila aliposhuka.

Ninachoomba ni hiki. Mrudishe kiingilio cha Steilneset na nauli ya Hornøya kwa abiria wote wa safari ile, si kwangu peke yangu. Mfute maneno "Nyumba ya Wachawi" kwenye matangazo yenu. Yeyote mtakayemtuma Vardø asome kwanza habari za watu wale 91, na Steilneset ipewe angalau saa nzima, hata kama mlo utafupishwa. Na mwandike barua ya kumwomba radhi mama, kwa Kiswahili, isainiwe na wewe meneja pamoja na kijana aliyesema maneno yale. Mama anarudi Shinyanga mwishoni mwa mwezi ujao, na ningependa barua hiyo imkute bado yuko hapa.

Nimeambatanisha nakala ya ankara na ya tangazo lenu.

Wenu,
Mteja wa ziara ya Septemba,
Oslo