Kikao kimesogezwa: watoto wetu wanaorudi shule

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe wazazi wenzangu.

Kikao si Ijumaa tena. Ni Jumamosi hii, saa 10 alasiri, ofisi ya serikali ya mtaa, hapa hapa Mbagala.

Tuna mabinti watatu na kijana mmoja wanaotaka kurudi sekondari. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unawaruhusu, hata waliojifungua. Ada hakuna, sawa. Lakini ruzuku ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nayo ni ya chaki, mitihani na ukarabati. Sare, madaftari na nauli ya daladala ni juu yetu, na hapo ndipo wengi hukwama.

1. Mchango 5,000 kwa mhazini, mwisho Alhamisi.
2. Mwenye sare iliyombana mwanawe aje nayo (ifuliwe jamani).
3. Mama mmoja ajitolee kumshikia binti mmojawapo mtoto wake asubuhi. Hili ndilo gumu, tutalijadili kwa kina.

Andika NAKUJA au UDHURU kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Dole gumba sihesabu. Mara iliyopita yalikuwa 19, tukakaa watu sita.

Katibu