Mbwa mweusi asigeuzwe doa la wino

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu picha za mbwa zinazochapishwa magazetini, hasa mbwa weusi. Mara nyingi anachokiona msomaji ni doa jeusi lenye ulimi. Macho hayaonekani, taya imeungana na kifua, sikio moja limemezwa na giza la nyuma. Lawama zote hutupiwa mtambo wa uchapaji. Mtambo una sehemu yake, nitaifikia, lakini nyingi ya picha hizi huharibikia kwenye kompyuta ya mhariri wa picha, na kinachoziharibu ni dawa ile ile inayotumiwa kuziponya: kuvuta kitelezi cha vivuli (kile cha programu ya kuhariri kinachoangaza sehemu za giza) hadi mwisho ili "mbwa aonekane".

Kitelezi hicho hakijui pua wala shavu. Huinua kila chenye giza kwa mpigo mmoja: manyoya ya mgongoni, kivuli cha chini ya taya, matundu ya pua, mboni za macho. Weusi wote hugeuka rangi ya majivu, chenga, yaani vipunje vya rangi visivyokuwapo kwenye mbwa, hujitokeza, na kichwa kinakuwa bapa. Sura ya mbwa husomeka kwa sababu paji na mgongo wa pua vimepokea mwanga mwingi, huku mashimo ya macho na chini ya taya vikipokea kidogo. Ukiifuta tofauti hiyo, hata kama kila unywele unahesabika, sura imekwenda. Mwanga uongezwe pale ulipokuwa umeshaangukia, na giza liachwe mahali pake.

Tatizo huanzia kwenye kamera. Kipima mwanga huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani. Mbwa mweupe akijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na manyoya yakatoka kama hayajaoshwa. Akiwa mweusi, huongeza, na kilichong'aa nyuma yake kikaungua. Kwa mweupe, kuongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu 1 (stopu 1 ni mwanga mara mbili, au nusu ukipunguza) kwa kawaida hutosha. Kwa mweusi, wengi hufundishwa kupunguza stopu 1. Ushauri huo unafaa kwa JPEG, picha ambayo kamera imekwisha kuiandaa na kuibana, inayotumwa moja kwa moja bila kuguswa. Anayepiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, afanye kinyume: aongeze mwanga kadiri histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwanga, giza kushoto na weupe kulia) inavyoruhusu bila kugota ukuta wa kulia, kisha aushushe wakati wa kuhariri, kwa kuwa chenga huzaliwa penye mwanga haba. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384 kwa kila rangi. JPEG ina 256 tu. Ukiinua kivuli cha JPEG kwa stopu 2, ngazi chache zilizokuwamo hutawanyika na manyoya hutoka mabaka.

Sasa tuchukue mbwa mweusi aliyeketi, dirisha likiwa upande wa kushoto wa picha. Fungua faili katika biti 16 na upange kwanza mwanga wa jumla na uwiano wa rangi. Kisha tengeneza matabaka mawili ya mstari wa toni (Curves), ule unaopandisha au kushusha mwanga wa picha. La kwanza liangaze: chukua nukta ya katikati ya mstari, kwenye 128 (0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe), uipandishe hadi 150 hivi. La pili litie giza: ishushe hadi 105. Yote mawili uyape maski nyeusi, yaani kifuniko kinachoficha tabaka mpaka ukipake rangi nyeupe, ili yasionekane kabisa, na uyaweke katika hali ya kugusa mng'ao peke yake (Luminosity). Usipofanya hivyo, kupandisha au kushusha toni kutabadilisha pia ukolezi wa rangi, na manyoya meusi yaliyoakisi anga yatazidi kuwa ya buluu. Halafu shika brashi laini ya rangi nyeupe, mtiririko (kiasi cha rangi kinachotoka kwa mpigo) asilimia 3 hadi 5, upake kwenye maski taratibu. Ukiweka asilimia 30 utamaliza upesi, na kila mpigo utaonekana.

Anza na maeneo makubwa: paji, mgongo wa pua, shavu la upande wa dirisha, bega. Hapo brashi iwe pana kama eneo lenyewe. Baadaye ipunguze hadi upana wa kishungi cha manyoya, na ufuate mwelekeo ambao manyoya yamelala. Ukipaka kwa kuyakingama, ngozi huonekana kama imelowa. Shavu la kulia, ambalo dirisha halilioni, liguse kwa uchache sana. Lisipokuwa na kivuli, mwanga wa kushoto hauna ushahidi. Chini ya taya usiangaze kamwe. Tena mara nyingi pale hutakiwa kupitishwa tabaka la giza kidogo, kichwa kitoke mbele ya kifua.

Na kuna mahali patatu panapopaswa kubaki weusi wa kweli: matundu ya pua, mboni, na pembe ya mdomo. Haya ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba manyoya mengine ni meusi ingawa yameangazwa. Picha ya mbwa mweusi iliyopauka kwa kawaida imepotezea weusi wake hapo hapo.

Jicho lina utaratibu wake. Dirisha likiwa kushoto juu, nukta nyeupe ya mwanga hukaa kushoto juu ya jicho, na mwanga uliopenya huangaza zaidi upande wa pili, yaani kulia chini ya lile duara la kahawia linaloizunguka mboni. Basi angaza hapo, kama nusu stopu, mboni ukiiacha. Wapo wanaopachika nukta nyeupe ya kubuni, au wanaoangaza duara zima hadi likawa rangi ya kaharabu. Mbwa huyo hufanana na mwanasesere. Kama jicho halikupata nukta kabisa, dawa ilikuwa kumgeuza mbwa kuelekea dirishani kabla ya kubonyeza.

Flashi iliyo karibu na lenzi huleta shida nyingine. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana jicho huwaka kijani au manjano. Kifaa cha kufuta macho mekundu hakitasaidia, kwa sababu kinatafuta wekundu. Chagua eneo linalowaka, ondoa rangi yote, lishushe hadi 15 au 20 katika kipimo cha 0 hadi 255, na nukta ya mwanga uiache ilivyo.

Nieleze pia kosa la programu za siku hizi zinazomchagua mbwa zenyewe kwa kubonyeza mara moja. Mstari wa uchaguzi haufuati vizuri ndevu wala manyoya ya masikioni. Ukimwangaza mbwa kwa maski hiyo, utepe mwembamba hujitokeza kumzunguka, kama picha iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa. Ni afadhali kutia giza mandhari ya nyuma kwa mpito mpana na laini, ukiruhusu mpito huo upite hata juu ya mwili wa mbwa na kuishia karibu na shingo. Kingo hazionekani kwa kuwa hazipo.

Mbwa mweupe ana mtego tofauti. Katika jua la jioni mkondo wa rangi nyekundu unaweza kugota juu wakati histogramu ya jumla bado inaonekana salama, kwa hiyo tazama histogramu ya kila rangi peke yake. Manyoya yanayong'aa zaidi yabaki kati ya 235 na 245. Chini ya kidevu na tumboni nyasi huacha rangi ya kijani. Punguza ukolezi wa kijani kwa brashi hapo tu, usiguse picha nzima.

Nikija kwenye mtambo: picha huchapwa kwa nukta ndogo za wino, na karatasi ya gazeti hunyonya wino na nukta hizo hutanuka. Kwa kiwango cha ISO 12647-3, kanuni ya kimataifa ya uchapaji wa magazeti, nukta ya asilimia 50 huongezeka kwa takriban asilimia 26, yaani husomeka kama 76. Jumla ya wino wa rangi 4, kila moja ikihesabiwa hadi asilimia 100, nayo huwekewa kikomo cha asilimia 220 hadi 240, hivyo weusi wa gazeti hauna kina cha skrini. Profaili ya rangi ya mtambo, yaani faili linaloeleza jinsi mtambo unavyotoa rangi, hufidia sehemu kubwa ya kutanuka huko, ila haiwezi kuumba tofauti ambayo karatasi haina nafasi yake. Manyoya meusi unayotaka yasomeke yasishuke chini ya 40 katika faili la RGB (rangi nyekundu, kijani na buluu za skrini), na upande wenye mwanga ufike 90 au 100. Upande wa pili, nukta ndogo mno hazishiki karatasini, hivyo mbwa mweupe mbele ya ukuta mweupe hupoteza mgongo wake wote.

Skrini inayowaka kupita kiasi huwadanganya wengi. Iwekwe kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba, kisha picha itazamwe katika upana ule ule wa safu itakapochapishwa. Kama macho na taya havitenganiki katika udogo huo, kazi haijaisha, hata kama katika ukubwa kamili inapendeza.

Kwa matangazo ya mbwa waliopotea, tabaka za giza zisitumike kabisa. Alama ya kahawia juu ya jicho au nywele nyeupe kifuani ndizo zinazomtambulisha, nazo hupotea kwa mpigo mmoja wa brashi.

Ombi langu kwa dawati lako la picha ni dogo: wapeni wapiga picha profaili ya rangi ya mtambo wenu, na muwaombe faili ambalo halijanolewa, yaani ambalo kingo zake hazijakazwa kwa programu. Kunoa kufanywe mwisho, baada ya picha kupunguzwa kufikia ukubwa wa safu, kwa sababu kunoa manyoya mapema na kuyapunguza baadaye huyageuza kuwa chengachenga nyeupe ambazo wino hauwezi kuzificha.

Mpiga picha za wanyama