Mpwa wangu, yule chura uliyeniuliza

Mpwa wangu,

Umeme ulipokatika Jumapili ile ukiwa kwangu, nilikutania kwamba labda vyura wamekuja kudai maji yao. Ukauliza, vyura gani mjomba? Nikakwepa, maana wali ulikuwa umeshaiva. Leo nalipa deni, na wenzako wasome pia.

Kwenye milima ya Udzungwa kuna mto Kihansi. Unapojitupa korongoni, maji hupasukia kwenye majabali yakawa rasharasha, usiku na mchana. Katika majani yaliyoloweshwa na manyunyu hayo, kieneo cha hekta 2 hivi, ndimo alimoishi chura wa Kihansi, wala hajapata kuonekana mahali pengine duniani. Ni wa njano kama dhahabu, hafiki sentimita 3, na ukimtazama huoni sikio. Hatagi mayai, mjomba! Huzaa vichura kamili, hakuna cha viluwiluwi, na kila kimoja ni kidogo kama punje ya mchele.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati bwawa la umeme limeshaanza kujengwa huko juu. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji ikapita handakini badala ya kuporomoka. Korongo likakauka. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Huyu hata kelele zake zilikuwa zikimezwa na maporomoko, angesikiwa na nani?

Sitakwambia kwamba waliojenga ni watu wabaya. Umeme tuliuhitaji, na taa ninayoandikia inawaka kwa huo huo. Kinachonikera ni wale waliokuwa wakicheka, eti chura naye ni wa kuhangaikiwa.

Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka. Mwaka 2003 wakaisha ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ukakutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena.

Lakini mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Vizazi vyao vilirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, chini ya mvua ya mabomba.

Ukija likizo tutafungua maji ya bustanini, nibane mdomo wa mpira kwa kidole gumba mpaka yatoke kama ukungu, nawe uchutame chini yake. Usije na shati jipya.

Mjomba wako