Mkopo si ruzuku, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kuandika barua kwenye gazeti lako ilikuwa kuhusu bomba la maji lililopasuka mtaani kwetu hapa Ipogoro, na hadi linazibwa nilikuwa nimeshastaafu. Tangu hapo nimekuwa msomaji wa kimya na nimemeza mengi, kuanzia makosa ya kwenye chemshabongo hadi tabiri zenu za ligi. Ile habari ya ukurasa wa tatu kuhusu fedha za wanafunzi wa vyuo vikuu, hata hivyo, imenikaba kooni.

Mwandishi wako ameandika, tena mara nne kwa hesabu ya kalamu yangu nyekundu, kwamba serikali imetoa ruzuku kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwishoni akatutonesha kidonda kwa kusema kuwa waliokosa walikosa kwa uzembe wao wenyewe wa kujaza fomu. Yote mawili si sahihi, na la kwanza ndilo linalolizaa la pili, kwa sababu mzazi anayeamini kwamba kuna fedha za bure hasomi masharti. Nani husoma masharti ya zawadi?

Aliyepata ruzuku ni mimi, niliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ada, chakula na kitanda vyote vilikuwa juu ya serikali, wala hakuna aliyenikata senti nilipoanza kufundisha. Hali hiyo ilianza kuondoka kwa sera ya kuchangia gharama katika miaka ya 1990. Wizara ikaanza kutoa mikopo mwaka 1994, kisha mwaka 2004 Bunge likatunga sheria iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Jina lenyewe, Mhariri, lina neno Mikopo. Kama mwandishi anataka ruzuku ya kweli, angeandika juu ya Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa ajili ya waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Binti aliyepata daraja la pili kwa Historia na Kiswahili haimhusu hata akiwa yatima wa pande zote mbili. Hao wengine aliowaita wanufaika wa ruzuku ni wadaiwa. Fedha za chakula na malazi, zilizopandishwa mwaka huo huo wa 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ambazo vijana huziita bumu na kuzipokea kwa vifijo, zimo kwenye deni sawasawa na ada na vitabu. Tena si kila mkopaji anapata kila kitu: anapimwa uhitaji wake na kupangiwa kiwango, na pengo la ada linabaki mikononi mwa mzazi, ambaye mara nyingi hulijua pengo hilo siku binti amesimama na begi kwenye dirisha la usajili.

Sasa nije kwenye huo uzembe. Mwaka juzi nilimsindikiza binti yangu (mtoto wa marehemu mdogo wangu ni binti yangu, sihitaji cheti cha kulithibitisha hilo) kwenda kuomba mkopo. Cheti cha kifo cha baba yake kilikuwa kimeshahakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, shilingi 30,000 za maombi, ambazo hazirudishwi, zilikuwa zimeshalipwa, na kwa kuwa sisi wawili hatuna kompyuta tulikwenda kwenye steshenari moja ya mjini, ambako kijana mwenye vidole vyepesi kuliko cherehani alikuwa akiwajazia waombaji kwa zamu, foleni ikifika mpaka kwa muuza mihogo. Alimwuliza binti maswali matatu, hakuuliza la nne, akachapa fomu. Tukaipeleka ofisi ya mtaa, tukasubiri saa mbili. Mwenyekiti alipofika aligundua kwamba wino wa kidau umekauka, akauhemea muhuri mara tatu kama mtu anayepasha mikono baridi, akaugonga, na kilichotokea kwenye karatasi kilikuwa nusu ya duara la zambarau lisilosomeka. Akasema linatosha. Kisha akataja shilingi 5,000 za karatasi, ingawa karatasi tulikuja nayo sisi. Tukaenda kwa wakili kugongewa muhuri mwingine, tukarudi kwa yule kijana, akazipandisha kurasa zenye sahihi kwenye mfumo, akatuambia tusubiri majina. Awamu ya kwanza jina halikuwemo. Ya pili halikuwemo. Ya tatu, binti akaacha kula. Nilipokwenda naye kwa mwalimu mmoja mwenye kompyuta ili afungue akaunti ya binti ya maombi ya mkopo, tukakuta kwamba kwenye sehemu ya taarifa za wazazi, baba ameandikwa yu hai: kijana wa steshenari alikuwa amemfufua marehemu mdogo wangu kwa kubofya mara moja. Ujumbe wa kumtaka mwombaji arekebishe maombi yake ulikuwa umetumwa kwa simu tena kwa wakati, lakini namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu haikuwa ya binti, ilikuwa ya kijana, ambaye hutumia namba yake na barua pepe yake kwa wateja wote ili, kama alivyonieleza, kazi iende haraka. Alinionyesha simu. Ilikuwa imejaa ujumbe wa aina hiyo, mmoja baada ya mwingine, wa watoto wa watu nisiowajua. "Mzee," akaniambia, "mimi nilidhani ni matangazo."

Huo ndio uzembe wa mwombaji, Mhariri? Dirisha la rufaa tuliligundua limeshafungwa. Nilikwenda kukopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, kwa riba, nikamlipia ada ya mwaka wa kwanza, na mkopo huo hadi leo hakuna mwandishi aliyeuita ruzuku.

Hapa kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nimeamua kulinyamazia, ila habari yenu imelifungulia mlango. Mwanangu wa kwanza ni mwalimu wa sekondari kama nilivyokuwa mimi. Alikopa wakati makato yakiwa asilimia 8 ya mshahara, akapanga maisha yake kwa asilimia 8, akachumbia kwa asilimia 8. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa na makato yakawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yakiwagusa hata waliokopa kabla yake. Juu ya hapo deni lilikuwa likiongezewa kila mwaka asilimia 6 iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, kwa hiyo alikuwa akilipa huku akiliona deni likinenepa, mpaka Rais Samia alipotangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021 kule Mwanza. Siku hiyo mwanangu alinipigia simu akicheka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mahafali yake. Sisemi deni lisilipwe. Asipolipa yeye, wa kesho atakopeshwa nini? Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 19 anayesoma gazetini kuwa amepewa ruzuku hataelewa, miaka mitano baadaye, kwa nini hati yake ya mshahara imeng'atwa.

Mimi napendekeza hivi. Mwandishi wa habari ile, dirisha la maombi litakapofunguliwa tena, atumwe na gazeti kujaza fomu moja mwanzo hadi mwisho, kwa nauli yake, akiwa na cheti cha kifo cha mtu anayemjua. Kwenye kila ofisi ya mtaa iwekwe meza moja karibu na mlango, na mwalimu mstaafu mmoja mwenye miwani, ambaye kazi yake pekee itakuwa kumwuliza kila mwombaji maswali mawili: baba yako yu hai? Na hii namba ya simu ni ya nani? Sisi wastaafu tupo wengi, tutaikalia meza hiyo kwa chai tu. Kidau cha wino wa zambarau nitakileta mimi.

Nasubiri sahihisho lenu, na liwekwe ukurasa ule ule wa tatu, si kule nyuma kwenye matangazo ya viwanja.

Mwalimu mstaafu,
Ipogoro, Iringa