Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mzunguko wa Bonde la Gorges, Mlima Kenya

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wapanda milima, ninawasilisha taarifa hii kabla ya mkutano mkuu utakaofanyika hapa Nairobi. Hesabu za fedha zitasomwa na mhazini, na ratiba ya matembezi ya Karura, Ngong na Longonot mmekwisha kuipata kwa katibu, kwa hiyo sitayarudia hayo. Jambo lililoishughulisha kamati zaidi mwaka huu ni pendekezo la kuacha safari za haraka za Mlima Kenya, na badala yake tuwe na mzunguko wa siku sita kupitia Bonde la Gorges, korongo lililo upande wa Chogoria, mashariki mwa mlima.

Utaratibu wa zamani mnaujua: kuondoka mjini Ijumaa alfajiri, kulala mlimani usiku mbili, kupanda kilele cha Lenana gizani, na Jumatatu kuwa kazini. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Lenana ina mita 4,985. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali anapolala leo pasizidi kwa zaidi ya mita 500 hivi mahali alipolala jana, na safari ya usiku mbili haiwezi kulitimiza sharti hilo hata kidogo. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, ambayo baadhi yetu tumeyazoea kana kwamba ni ada ya kufika kileleni, ni dalili za mwanzo za maradhi ya mwinuko. Anayeendelea kupanda huku dalili zikizidi anaweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na hapo la kwanza ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Mzunguko wa Chogoria unafuata kipimo hicho karibu hatua kwa hatua. Usiku wa kwanza ni kwenye lango la hifadhi, juu ya msitu wa mianzi, karibu mita 2,950. Wa pili ni Ziwa Ellis, karibu mita 3,450. Wa tatu ni Ziwa Michaelson, chini kabisa ya korongo, karibu mita 3,950. Humo ndani kuta za mawe zimekuzunguka pande zote, lobelia na miti mikubwa ya senesio imesimama kando ya maji, na maji yenyewe yanateremka kwenda Mto Nithi na hatimaye Tana. Siku ya nne njia inapanda kwa ukali hadi kwenye ukingo, kwenye vidimbwi vya Hall na kambi ya Mintos, kiasi cha mita 4,300. Ukisimama hapo juu ya genge la mwamba liitwalo Temple, unaliona ziwa ulilolala kando yake likiwa karibu mita 300 chini ya miguu yako. Alfajiri ya tano ni Lenana, kisha msafara unarudi langoni kwa njia ya ukingo wa kaskazini wa korongo, na siku ya sita ni ya kurejea Nairobi.

Kutoka Lenana huonekana pia barafu ya Lewis, au tuseme mabaki yake, kwani kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Ningependa vijana wetu waione wakiwa na akili timamu na pumzi ya kutosha.

Kuhusu wapagazi, kamati haitaki maelewano ya mdomo tena. Kila mzigo utapimwa langoni mbele ya atakayeubeba, na kiongozi wa msafara hataruhusu safari ianze kabla ya kuhakikisha kwamba kila mpagazi ana hema, mfuko wa kulalia na koti la mvua. Moto wa kuni hautawashwa popote, tutapika kwa gesi. Moto wa Machi 2012 uliounguza eneo kubwa la nyasi za mlima huo unatosha kutukumbusha sababu. Choo kitachimbwa mbali na ziwa na vijito, kwa maana walio chini wanakunywa maji hayohayo.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba si kila mwajiri atatoa likizo ya siku nne za kazi. Ni pingamizi la haki. Hata hivyo, asiyepata likizo anaweza kwenda Elephant Hill katika milima ya Aberdare kwa siku moja na kurudi salama, na Mlima Kenya akaungoja mwaka mwingine. Sioni sababu ya chama kuendelea kumuuzia safari ambayo mwili wake haujapewa nafasi ya kuihimili.

Wanachama mtaombwa kupigia kura mambo mawili: kwamba chama kisiandae tena safari ya Lenana yenye usiku pungufu ya nne mlimani, na kwamba msafara wa kwanza wa mzunguko huu uwe kati ya Januari na Februari, baada ya mvua za vuli, wakati barabara ya kutoka mji wa Chogoria hadi langoni inapitika. Fomu za kujiandikisha, pamoja na ile ya afya inayopaswa kujazwa na daktari, zitapatikana kwa katibu siku ya mkutano.