Si kila kiluwiluwi ni mtoto wa mbu

Mhariri,

Kiswahili kimetupa neno moja kwa viumbe wawili. Mtoto wa mbu ni kiluwiluwi, na mtoto wa chura naye ni kiluwiluwi. Mvua za Machi zinapokaribia hapa Uganda, zile Waganda wanazoziita Ttoggo, ushauri unaosikika kila mahali ni kumwaga maji yote yenye viluwiluwi. Mwenye bwawa dogo bustanini kule Wakiso, Mukono au Entebbe anatii: analimwaga, au analitia mafuta ya taa, au analitia klorini. Watoto wa chura wanakufa wote. Mbu anarudi baada ya siku chache, kwa sababu yeye hahitaji bwawa. Unyayo wa ng'ombe uliojaa maji unamtosha.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Chota maji kwa beseni jeupe uyatazame. Mtoto wa mbu ni mwembamba kama kipande cha uzi, hazidi sentimita moja, na kila mara hupanda juu kuvuta hewa. Kivuli cha mkono wako kikimpitia, huzama kwa kujipindapinda. Wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex, jamii nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini. Mtoto wa chura ana mwili wa mviringo na mkia bapa, na muda mwingi hukwangua ukoga kwenye mawe. Wale weusi wanaokwenda kwa makundi pembeni, penye maji machache yenye joto, ni wa Sclerophrys regularis, yule chura mwenye ngozi ya vinundu anayekaa chini ya taa usiku akila kumbikumbi. Yuko mmoja anayewachanganya hata wafuga samaki. Ni mtoto wa Xenopus, chura anayeishi majini hata akikomaa: mwili wake unapenyeza mwanga, ana ndevu mbili mdomoni, na huelea kichwa kikiwa kimeinama huku ncha ya mkia ikitetemeka. Wengi humdhani kifaranga cha kambare.

Malaria ni ugonjwa unaoua, na hakuna anayepaswa kuichezea kwa ajili ya chura. Lakini tuseme kweli pande zote. Anayedai kwamba viluwiluwi wa chura huwamaliza wa mbu anakosea, maana wengi wao hula ukoga na mabaki ya majani. Wanaowala watoto wa mbu ni watoto wa kereng'ende, mbawakawa wa majini na wale wadudu wanaoogelea chali. Hao hukaa katika bwawa lililotulia. Bwawa linalomwagwa na kujazwa tena kila mwezi huwa na mbu wengi zaidi kwa sababu mbu hutaga humo papo hapo, ilhali maadui wake huchukua wiki kadhaa kurudi. Anopheles gambiae hupenda vidimbwi vidogo vya muda, vyenye jua na visivyo na majani. Hivyo ndivyo vya kufukia, pamoja na makopo na matairi. Anopheles funestus, kwa upande wake, hupenda kingo zenye majani, kwa hiyo mwenye bwawa ana kazi ya kufanya. Kila siku ya tano pitisha chujio la chai kandokando, katikati ya mashina, na watoto wa mbu walionaswa uwamwage juani. Yai la mbu huchukua kama siku 7 hadi 14 kuwa mbu kamili katika joto letu, na ukichuja kila siku tano hapati muda huo. Ipo pia bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, inayouzwa kwa punje au unga. Huua watoto wa mbu wanapoila na kuwaacha wa chura salama. Pima kama kibandiko kinavyoelekeza. Mafuta ya taa hayafai kabisa: chura hupumua kwa ngozi pia, na utando wa mafuta humgusa kila anapotoka na kuingia. Chandarua kitundikwe vilevile.

Vitabu vingi vya mabwawa ya bustani vimeandikwa Uingereza, ambako chura hurudi bwawani baridi inapopungua, kati ya Februari na Machi. Anayefuata kalenda hiyo hapa atapotea. Kwetu anayeamsha chura ni mvua. Kusini mwa nchi hutaga mara mbili: Machi hadi Mei, kisha tena kuanzia Septemba mvua za Ddumbi zinaposhika. Kaskazini, kwa mfano Gulu, ni msimu mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba. Usafi wa bwawa basi ufanywe kiangazi, Februari au Julai kwa watu wa kusini. Toa tope nusu tu ya eneo, nusu nyingine uiache hadi kiangazi kijacho, na majani uliyong'oa yakae ukingoni usiku mmoja ili viumbe waliomo warudi majini. Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, usiguse kitu isipokuwa kwa lile chujio la mbu.

Mayai hayafanani, na hapa ndipo watu huharibu bila kujua. Chura mwenye vinundu hutaga maelfu kwa kamba mbili ndefu za ute zenye vitone vyeusi, zikizungushwa kwenye mashina. Asiyejua huziona ni uchafu akazivuta kwa reki. Ptychadena, yule chura mwenye miguu mirefu anayeruka mbali nyasini, mayai yake huelea juu. Xenopus hubandika lake moja moja kwenye majani. Wapo pia vyura wadogo wa jamii ya Afrixalus, ambao hukunja jani na kuligandisha mayai yakiwa ndani. Ukikata nyasi zinazoinamia maji mwezi wa Aprili, umekata nyumba yao. Mayai huanguliwa kwa siku chache tu, na kiluwiluwi huchukua wiki kadhaa kuota miguu, kutegemea jamii, joto na chakula.

Mayai machache yakigeuka meupe si msiba, hayo hayakurutubishwa. Yakigeuka meupe yote, chunguza maji. Mara nyingi kosa ni bomba: mtu ameongeza jerikani tatu au nne za maji yenye klorini moja kwa moja. Yaache kwanza siku mbili kwenye pipa lililo wazi, na usibadilishe zaidi ya robo ya bwawa kwa mara moja. Maji ya mvua kutoka paani ni bora, ila ya dakika za mwanzo yapite, kwani yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Kosa la pili ni samaki. Ngege na kambare hawawezi kuishi bwawa moja na mayai ya chura wengi, chagua moja. Bata vilevile. La tatu ni dawa ya kuua magugu inayopuliziwa ukingoni, kwa kuwa sabuni iliyochanganywa humo ili ishike majani huwadhuru sana viluwiluwi. Na usiwatupie posho (ugali) wala mkate. Huoza, huvuta oksijeni, na asubuhi utawakuta wote juu wakihema. Wakiwa wengi kuliko ukoga uliopo, jani moja la dodo (mchicha) lililochemshwa na kupoa linatosha kwa siku. Lililobaki litolewe.

Kwa anayeanza: chimba mita 3 kwa 2, katikati sentimita 50, upande mmoja ukipanda taratibu kama ufuko ili chura mchanga aweze kutoka. Tandaza mchanga laini sentimita 5, kisha nailoni nyeusi nzito ya mita 4.6 kwa 3.6, hesabu yake ni urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kukunja kingoni, na upana vivyo hivyo. Bwawa la saruji lenye kuta wima huzamisha vyura wachanga wasiweze kupanda, basi egemeza ubao uliofungwa gunia. Saruji mpya ijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kupandwa kitu, kwa sababu chokaa yake huunguza mayai. Panda yungiyungi na mafunjo machache ndani ya ndoo iliyotobolewa, maana mafunjo yakiachwa huru yatalimeza bwawa. Gugumaji usiliingize hata kwa uzuri wa ua lake. Ziwa Victoria linatosha kuwa funzo. Weka uzio au wavu wa chuma penye watoto wadogo, na uchimbe mbali na madirisha ya vyumba vya kulala, kwani usiku wa mvua madume huita hadi alfajiri.

Usibebe vyura wala mayai kutoka kinamasi. Kuvu inayoua vyura duniani, Batrachochytrium dendrobatidis, imekwisha kupatikana kwa vyura wa msitu wa Kibale, na ndoo ya maji ya kinamasi inaweza kuisafirisha. Vinamasi vya Lubigi na Nakivubo kule Kampala vinavyozidi kujengwa vimewaacha vyura wengi wakitafuta maji, nao watalifikia bwawa wenyewe kama kuna mtaro au ukanda wa nyasi ndefu. Uzio wa ukuta usio na tundu hata moja ndio unaowazuia. Acha matundu ya sentimita 10 chini.

Vyura wachanga wakianza kutoka, wakiwa wadogo kama punje ya haragwe, usifyeke nyasi zilizo ndani ya mita tatu kutoka ukingoni kwa wiki mbili. Hujificha humo mchana, na fyekeo haliwaoni.

Mtunza mabwawa,
Entebbe